Hatua ya Kumi na Nne

Chelangat hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo alipanda ngazi za ofisi pale Nakuru akiwa amekasirika mpaka mkoba unamgonga mgongo. Mara ya sita sasa Kosgei amekataa masahihisho yake.

Huyu Kosgei ndiye aliandika mwongozo wa kujenga mfumo wa kompyuta, yaani ile kitu ya ndani inaamsha mashine. Bila hiyo, kompyuta ni sanduku tu. Mwongozo mzuri, hata. Lakini hatua ya kumi na nne inasema futa diski, na ya kumi na tano ndiyo inasema hamisha kazi ya wanafunzi. Sasa utahamisha nini na umeshafuta? Pale Nakuru hakuna aliyeumia, kwa sababu kila fundi mgeni aliambiwa kwa mdomo: anza na kumi na tano. Karatasi yenyewe haikuguswa. Ilikuwa ya Kosgei.

"Umerudi, mwalimu wa walimu?" Kosgei akasema bila kuinua kichwa. "Leo ni koma ama ni nukta?"

"Fundi Kibii anajenga mfumo leo kule shule ya Subukia. Huko hakuna mtu wa kumwambia kwa mdomo."

"Si umpigie?"

"Nimempigia. Amesema anafuata karatasi ya mkubwa, si ya msichana wa juzi."

"Huyo ana akili."

"Kuna kazi ya mwaka mzima ya watoto arobaini kwa hiyo mashine!"

"Miaka nane hiyo karatasi inatumika. Wewe una miezi mitatu. Toka."

Hakutoka. Alimpigia Kibii tena, akaweka simu katikati ya meza, sauti juu.

"Kibii, niko na mzee hapa. Umefika wapi?"

"Nimemaliza kumi na tatu. Sasa nafuta diski. Sawa, mzee?"

Chelangat akaisukuma simu karibu na Kosgei. Kosgei akaangalia ile simu kama mtu ameona nyoka ndani ya buti lake la mvua. Huko Subukia kiti kikasikika kikilia, Kibii anasogelea mashine.

"Mzee? Nifute?"

"Wacha!" Kosgei akaruka. "Usiguse! Anza na kumi na tano."

"Lakini karatasi inasema..."

"Karatasi ni mbaya!"

Akakata simu. Akamsukumia Chelangat kibodi mpaka chai ikamwagika.

"Andika. Na jina lako usiweke."

Chelangat akageuza zile hatua mbili, akahifadhi.

"Ya ishirini na mbili pia iko na shida."

"Usinizoee," Kosgei akasema. Lakini alibaki hapo nyuma yake, akisoma.