Pipa la Kura

Mimi nina mdomo, hilo sikatai. Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa nikibisha. Kwa hiyo siku Odeta, Bibi Afya wa kata yetu ya Mirongo, alipotuletea mapipa matatu sokoni pamoja na karatasi ya sheria ndogo ya halmashauri, wa kwanza kufungua kinywa nilikuwa mimi.

Sheria yenyewe ilikuwa hivi. Pipa la kwanza ni la chakula kisichouzika lakini bado kinafaa kuliwa: nyanya zilizobonyea, ndizi zilizoiva kupita kiasi, viazi vilivyokatwa na jembe. La pili ni la maganda na majani, vitu vya kuoza vinavyopelekwa Mkolani kugeuzwa mbolea. La tatu ni la mifuko na uchafu mwingine. Ukichanganya, faini. Saa sita mchana pipa la kwanza linapelekwa kwenye jiko nyuma ya soko, Mama Rebeka anapika, na saa tisa mwenye njaa yeyote anakaribishwa bila kuulizwa jina.

"Yaani tuuze, halafu tukae tunachambua taka kama mchele?" nilimuuliza Odeta mbele ya soko zima. "Na huko nani atakula? Jiko la makombo hilo!"

Watu walicheka. Odeta hakucheka wala hakununa.

"Makombo ni yale yaliyobaki kwenye sahani ya mtu, dada Mwanaharusi," alisema. "Nyanya yako hakuna aliyeing'ata."

Akaendelea kupanga mapipa yake. Lakini jina lilishika. Hazikupita siku tatu, kila mtu akawa anasema Jiko la Makombo, nami nikatembea sokoni kifua mbele kama niliyetunga wimbo. Nililipenda jina langu hilo mpaka nilipolisikia kwa Mwalimu Pius.

Mwalimu Pius alitufundisha Kiswahili tangu darasa la tatu, mimi na nusu ya wauzaji wa soko hili. Amestaafu siku nyingi. Mkewe aliugua miaka minne, na ugonjwa ule ulimaliza kila walichokuwa nacho kabla ya kumchukua mwenyewe. Sasa anaishi peke yake, chumba kimoja, mtaa wa pili kutoka sokoni. Mwaka huu nilianza kuona kola ya shati lake imekuwa pana, shingo inaelea ndani. Nikimpelekea nyanya na dagaa, anarudisha. "Nimeshakula, mwanangu," anasema. Uongo mtupu. Jiko lake halikuwa hata na majivu.

Siku moja nilimkuta amejilaza saa tano asubuhi, mtu ambaye hatukuwahi kumwona amelala mchana. Nikamwambia kuna chakula nyuma ya soko, kisafi, mimi mwenyewe naona kinavyopikwa.

"Lile jiko la makombo?" aliuliza bila kuinua kichwa. "Hapana, Mwanaharusi. Sijafika huko."

Nilitoka pale roho inaniuma. Neno lilikuwa langu. Nililitoa ili nichekeshe watu, na sasa limemfungia mlango mzee wangu.

Nilimwendea Odeta na hasira, nusu yake ya kujichukia mwenyewe. Nilimkuta anamwelekeza Yakobo, mchoraji wetu niliyesoma naye kwa Mwalimu, namna ya kuandika yale mapipa. Nikamweleza habari za Mwalimu, Yakobo naye akisikia.

"Sheria yako inasemaje kuhusu mtu anayekufa njaa kwa sababu ya heshima yake?" nikamuuliza.

Odeta alitoa ile karatasi mkobani, imekunjwa mpaka imechakaa, akaanza kuisoma upya kuanzia juu, kidole kikifuata mstari. Nilimchukia. Nikasema moyoni, huyu naye, mzee anakwisha, yeye anasoma vifungu! Nikaondoka bila kuaga.

Kesho yake mapipa yalikuwa yameandikwa. La tatu: LA UCHAFU. La pili: LA KUOZA. Na la kwanza, kwa herufi nyekundu za kuonekana hata kutoka juu ya mawe ya mlimani: PIPA LA KURA.

Soko zima lilivunjika mbavu. Kwetu huku ulimi kuteleza kati ya L na R ni jambo la kila siku, na Yakobo ni mtu wa Ukerewe, lakini kuliandika kwa ukubwa ule! Mimi ndiye niliyecheka kuliko wote.

"Yakobo, uchaguzi lini? Nyanya zangu zimeshajiandikisha!"

Wengine wakaanza kutumbukiza vikaratasi. Yakobo aliosha brashi zake, kichwa chini. Nikamwambia Odeta amwamuru afute. "Rangi imekwisha," alijibu, akaenda zake.

Jioni nilimpelekea Mwalimu kichekesho hicho, nikitumaini angalau atacheka. Hakucheka. Alijiinua kitandani.

"Imeandikwa hadharani?"

"Hadharani, Mwalimu. Tena kwa nyekundu."

Siku iliyofuata, saa tisa kasoro, Mwalimu Pius aliingia sokoni. Shati limepigwa pasi, bakora mkono huu, chaki mkono ule. Kelele zilikatika. Shikamoo zikatoka kila meza, naye akawa anaitikia marahaba bila kusimama, mpaka akafika kwenye pipa. Akaikata R, akaandika L juu yake, ndefu na iliyonyooka kama zile za ubaoni.

"Kura hupigwa," alisema. "Chakula huliwa. Yakobo!"

"Naam, Mwalimu." Mtu mzima mwenye mvi.

"Rudia."

"Kula, Mwalimu."

Odeta alikuja kutoka jikoni, akapiga goti kumwamkia, kisha akampa ile karatasi kwa mikono miwili.

"Nilikuwa nakutafuta kikazi, Mwalimu. Naomba unisomee kifungu cha tisa."

Mwalimu alivaa miwani, akasoma kwa sauti ile ile ya darasani: "Chakula kilichopikwa hakitagawiwa kwa mtu yeyote kabla hakijaonjwa na mtu mzima anayeaminika na jamii, asiyekuwa mpishi."

"Aliyekuwa akionja ni mwenyekiti wa soko, na amesema hana nafasi tena," Odeta alisema. "Watu wamepanga foleni pale, na mimi siwezi kuvunja sheria."

Mwalimu alitazama foleni. Akatazama karatasi tena, akaona muhuri upo.

"Kuonja ni kiasi gani?"

"Haikutaja kiasi. Na mimi siwezi kuongeza neno lisilokuwamo."

Mama Rebeka akaweka sahani mezani: ugali, maharage, mchicha, imejaa mpaka ukingoni.

"Huku ndiko kuonja?" Mwalimu aliuliza.

"Ukionja juu tu, utajuaje chini kukoje?" Odeta alijibu, bila hata kutabasamu.

Akakaa. Akanawa. Mimi niligeukia nyanya zangu ili watu wasinione uso.

Nilidhani yule dada anajificha nyuma ya vifungu. Kumbe siku ile alikuwa anavipekua kimoja kimoja akitafuta mlango ambao mzee angeupita bila kuinamisha kichwa. Tangu siku hiyo namheshimu kuliko ninavyoweza kumwambia. Nyanya zangu nachambua mwenyewe, tena mapema, na anayesema makombo mbele ya meza yangu tunagombana.

Huu ni mwezi wa tano Mwalimu anaonja. Kola imerudi kumtosha. Juzi nilipita jikoni akiwa mezani, Odeta anahesabu sahani, Yakobo anapaka rangi benchi, nikashindwa kuuzuia mdomo.

"Mwalimu, huyu Yakobo wako! Viboko vyote vile, na bado kula na kura vilimshinda!"

Mwalimu alimeza kwanza tonge lake.

"Yakobo hajakosea herufi hiyo tangu darasa la nne," alisema taratibu. "Nililijua hilo kabla sijatoka nyumbani."

Odeta aliendelea kuhesabu sahani alizokwisha kuzihesabu. Yakobo aliinama kabisa juu ya benchi lake, mtu niliyemcheka miezi mitano soko zima likisikia, na hakunijibu hata siku moja. Nikaenda nikamshikia benchi upande wa pili.

Mwalimu akamsogezea Mama Rebeka sahani.

"Chumvi sijaielewa vizuri," alisema. "Ngoja nionje tena."