Vitunguu Vilivyovuliwa Nguo

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, nasema mapema ili msihangaike kumtafuta. Mke wangu alikuwapo, mkaguzi alikuwapo, hata mbwa wetu alikuwapo, ingawa nje ya mlango maana kanuni zilimkataza kuingia. Katika hao wote, mbwa peke yake alinizidi akili mara mbili.

Sisi ni wakulima wa vitunguu. Ghala letu liko nyuma ya nyumba, kuta zake ni mbao zilizoachiana nafasi ya kidole ili upepo upite, na ndani kuna vichanja virefu, kimoja juu ya kingine hadi karibu na bati, vitunguu vimelala humo kama watoto wa shule ya bweni. Mchana jua hupenya katikati ya mbao na kuchora mistari hewani, na ndani ya mistari hiyo maganda huelea. Ganda la kitunguu kikavu halianguki kama vitu vingine. Linashuka, linasita, linapanda tena kidogo kana kwamba limesahau kitu huko juu, halafu linatua. Ukikaa humo kimya utayasikia yakinong'onezana, kama watu wanaofungua barua chumba cha pili na hawataki ujue.

Basi uzuri huo wote, kwa lugha ya wakaguzi, unaitwa uchafu.

Kila mwaka lazima tukaguliwe ndipo tupewe nembo, kijistika cha kijani chenye jani. Duka kubwa la mjini halipokei kitunguu cha mkulima kisicho na nembo, na bila duka hilo tunabaki na dalali wa barabarani, yule anayetaja bei huku anaangalia simu, kama vile bei yenyewe inamuonea aibu. Kwa ajili ya nembo nimeweka sinki ghalani, nimeweka sabuni, na nimetundika kibao kinachosema HAIRUHUSIWI KULA HAPA, mahali ambapo chakula pekee ni kitunguu kibichi ambacho hata panya hukigusa kwa kulazimishwa na njaa. Mkaguzi wa mwaka jana, bwana mmoja mkavu kama kuni, aliokota ganda moja sakafuni, akaliinua kwenye mwanga na kusema, "Mwakani nikikuta hili, nembo usahau."

Ganda moja. Kwenye ghala la vitunguu. Ni sawa na kumwambia muuza kuku asionekane na unyoya.

Wiki ya ukaguzi wa mwaka huu nilipita dukani kuvisalimia vya kwangu. Vilivyotoka nje ya nchi vilikuwa rafu ya kifuani, ndani ya nyavu nyekundu, vimeng'aa kama vipara vya mabwana harusi. Vya kwangu vilikuwa chini kabisa, karibu na mafagio. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mgeni alikuja, na mwenyeji akahamishiwa kwenye mafagio. Nikamuuliza meneja, vile vya juu vimekaguliwa na nani? Akacheka kwa upole. "Mzee, wateja wanapenda kinachong'aa."

Neno hilo lilinifuata nyumbani.

Siku moja kabla ya ukaguzi nilifagia ghala asubuhi. Nikageuka, maganda yamerudi. Nikafagia tena. Nilipomaliza upande huu, upande ule ulikuwa umeanza kushuka, taratibu, kama mvua iliyopewa ruhusa ya kuchelewa. Baada ya chakula cha mchana nikakaa juu ya kreti, fagio mapajani, ili nipumzishe mgongo tu. Mistari ya jua ikawa inasogea. Nikalala.

Nikaota vitunguu vya nje vinakuja kwa miguu. Vilikuwa vinapita njia ya shambani vimepanga mstari, vinameta, kila kimoja kina kistika kwenye paji la uso. Vilipofika mlangoni vikanisalimu kwa lugha nisiyoijua, lakini kwa adabu sana, na kimoja, kinene, kikaniashiria kwa heshima zote ninyanyuke kwenye kreti. Nikanyanyuka. Kikakaa. Nikaangalia vichanjani, vya kwangu vyote vimejifunika maganda hadi kichwani, vinaona haya. Na mimi ndotoni nikaona haya pamoja navyo.

Nilipoamka dawa nilikuwa nayo mkononi. Kama maganda ndiyo uchafu, na kinachong'aa ndicho kinachopendwa, kwa nini nafagia? Nikachukua kitunguu, nikakisugua kati ya viganja, magwanda yake yote makavu yakatoka. Kikabaki uchi, kimeng'aa, kizuri. Nikachukua cha pili. Kazi hiyo ina utamu wa ajabu, mikono inakwenda yenyewe na akili inakwenda kwingine, na mimi nilikwenda mbali sana, hadi rafu ya kifuani.

Mke wangu akaja na gunia. Akasimama mlangoni.

"Unafanya nini, Baba Watoto?"

"Naondoa uchafu kwenye chanzo chake."

"Hicho si chanzo. Hicho ni kitunguu."

"Wewe subiri kesho uone."

"Kuona nitaona." Akainama, akaanza kukusanya maganda kwenye gunia lake, maana yeye hatupi kitu, hayo huyapeleka bustanini. Akaburuta gunia nje, kisha akarudi kuchukua ngazi. Nikamuuliza ngazi ya nini. Akasema anapangusa madirisha. Nyumba yetu madirisha yake unayafikia ukiwa umekaa, lakini mimi nilikuwa rafu ya kifuani, sikuuliza zaidi. Bila ngazi vichanja vya juu sikuvifikia. Vya chini nilivivua vyote.

Kesho yake mkaguzi akaja, na hakuwa yule bwana mkavu. Alikuwa binti, buti zake za mpira amezibeba kwenye mfuko, akazivaa mlangoni. Akaniamkia shikamoo, akampapasa mbwa kichwani, akanawa mikono kwenye sinki, akasoma kibao, halafu akatazama pande zote kutafuta hicho chakula kisichoruhusiwa.

"Sakafu safi sana, mzee."

Nikavimba. Nikamsogeza kwenye kichanja kama anayemtambulisha bibi harusi. Akachukua kitunguu, akakigeuza, akakinusa shingoni. Uso wake ukabadilika taratibu, kama wingu linapopita juani.

"Hivi vilifika lini?"

"Vilifika wapi? Vimeota hapo nyuma."

"Mzee, msimu huu nimeshakuta mashamba mawili wamenunua vya nje, wanataka kubandika nembo ya kwao. Kitunguu cha ghalani hakiwi hivi. Hiki kimesafiri." Akakirudisha polepole. "Siwezi kutoa nembo kwa kitunguu nisichojua kwao."

Mdomo wangu ulibaki wazi kama mlango wa ghala. Mwaka mzima nalalamika kuwa hawa wageni wananinyang'anya nafasi, na leo nimewasugua wa kwangu hadi wakawa wao. Nikajaribu kueleza, habari ya ganda la mwaka jana, ya rafu ya kifuani. Ndoto niliiruka. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kufanana na mwizi.

Mke wangu akaingia anaburuta gunia. Akalishika chini, akalipindua, na ghala likajaa.

Sijui niwaelezeje. Maganda yalipanda, hayakushuka. Yaliingia kwenye mistari ya jua, mekundu, ya zambarau, mengine membamba hadi unaona mkono wa mtu nyuma yake, na kwa muda hakuna aliyeonekana vizuri, tulikuwa vivuli vitatu ndani ya kitu kinachonong'ona. Yalipoanza kutua mabegani mwetu, binti alikuwa anacheka, ganda moja limemkalia kichwani kama kofia.

"Haya," mke wangu akasema, "nguo zao hizi. Wavishe, mwanangu, uone kama haziwatoshi."

Tukakaa juu ya kreti sote watatu, tukawa tunavijaribisha. Hili kubwa. Hili limebana. Tulikuwa kama wazazi wanaovalisha watoto kabla ya safari, na hakuna aliyekuwa na haraka. Mwisho binti akapata kitunguu chenye kovu la jembe ubavuni, na ganda lenye mpasuo pale pale. Akalizungusha. Likakaa kama koti lililoshonwa kwa vipimo.

"Ni vya hapa," akasema. "Nimeridhika."

Akainua macho hadi vichanja vya juu, ambako vingine vilikuwa bado vimelala na nguo zao. "Vile pale navipa nembo. Hivi vya chini, mzee, hapana. Kitunguu kikivuliwa hakikai, kitaota au kitaoza. Siwezi kubandika jani kwenye kitu kitakachooza mikononi mwa mteja."

Nusu ya ghala. Nikasimama. Nikamwambia, mbona vya nje viko uchi hivi hivi, na vimekaa rafu ya kifuani? Mimi nakaguliwa hadi sinki, hadi mbwa, vile nani amevikagua?

"Hapo una haki," akajibu taratibu. "Mimi sivikagui. Nimeuliza ofisini mara nyingi, wananiangalia tu."

"Basi kama vile vinauzwa uchi, na hivi viuzwe. Uchi ni uchi. Tofauti yake ni nini?"

Mke wangu akaondoa ganda begani mwangu, akaliangalia kwenye mwanga.

"Tofauti, mume wangu, vile vimevuliwa na safari. Hivi vimevuliwa na baba yao."