Meno ya Mhudumu

Mtu akikuambia huwezi kuondoka kwa sababu unahitajika sana, mtazame vizuri usoni. Mimi niliambiwa hivyo na kijana niliyemfundisha kazi kwa mikono yangu, na mpaka leo nikikumbuka chakula kinanishinda.

Ilikuwa Juni 1986, kwenye shamba la ngano la serikali, huku Hanang. Nilikuwa na miaka thelathini na sita. Kwetu ni Nambis, Mbulu, na nilisoma miaka miwili ya stashahada chuo cha kilimo kabla ya kupata mimba ya Felician. Siku zile mwenye mimba alipewa sanduku lake akaonyeshwa geti. Mwenye kunitia hiyo mimba, yaani Basili mume wangu, hakuonyeshwa geti lolote, yeye aliendelea kuendesha trekta lake. Nikaja kuajiriwa maabara ya shamba kama mhudumu. Miaka kumi na miwili nimepima mvua, nimepima udongo, nimekagua ugonjwa wa kutu kwenye majani ya ngano, nimejaza madaftari mpaka kabati likakataa kufunga. Cheo kikabaki kile kile, mhudumu.

Mwaka huo nikaandikia chuo kikuu, bila kumwambia mtu. Wakanijibu. Walikuwa tayari kuipokea miaka yangu miwili ya chuo cha zamani, nihamie kwao nianzie mwaka wa pili wa shahada, mradi mwajiri wangu aandike barua yenye mambo mawili: kazi nilizofanya tangu niache masomo, na kwamba ananiruhusu. Mwisho wa kupokea ulikuwa Agosti thelathini. Barua ile niliisoma mara tatu nimesimama, halafu nikakaa chini.

Nikaipeleka kwa Nicodemo, mkuu wa maabara. Huyu alikuja miaka mitano nyuma na shahada yake na viatu vyeupe, hajui kutu ya ngano na vumbi la barabarani vinatofautianaje. Nani alimfundisha? Mimi. Na heshima anayo, siwezi kumsingizia. Shikamoo yake ilikuwa safi kuliko ya wanangu.

"Shikamoo, mama Felician."

"Marahaba."

Akasoma, akaikunja. "Mama, hatuwezi kukuachia uende. Wewe ndiye unayejua kila kitu hapa."

"Basi niandike mtafiti msaidizi."

"Bila shahada haiwezekani, mama. Taratibu unazijua."

"Si ndiyo hiyo shahada naenda kuitafuta?"

"Ndiyo maana nasema, hatuwezi kukuachia."

Aliyasema kwa upole kabisa, kama mtu anayemkataza mtoto kuchezea moto. Kwenda nimekatazwa kwa kuwa najua, kupanda cheo nimekatazwa kwa kuwa sijui. Nikatoka nje. Asante ya punda ni mateke, nilikuwa naisikia tu, siku ile nikaipata mbavuni.

Nyumbani nikamwaga sanduku lote kitandani mpaka nikaipata barua yangu ya ajira ya mwaka sabini na nne. Majukumu yalikuwa mstari mmoja: kufagia maabara, kuosha vyombo, kuchemsha chai. Nikamsomea Basili.

"Kuanzia kesho nafanya haya tu," nikamwambia.

"Hasira hasara, mama Felician."

"Hasara ya nani?"

Akarudia sahani yake. Siku hizo alikuwa dereva wa kombaini na alipenda amani, hasa wakati wa chakula.

Kesho yake nikafagia. Nikaosha chupa zikang'aa. Nicodemo alipouliza mvua ya usiku ilikuwa kiasi gani, nikamuuliza anataka chai ya rangi au ya maziwa. Alicheka siku ya kwanza. Juma la pili hakucheka tena, lakini barua hakuandika. Alidhani nitachoka. Wanawake wa kwetu tunalima mlimani tukiwa na mtoto mgongoni, kijana, kuchoka utatufundisha wewe?

Agosti ikaja, ngano ikawa ya dhahabu, kombaini zikapangwa. Sasa hapa lazima niseme jambo. Kipimo cha unyevu walichotuletea wafadhili kilikuwa kimekufa miaka miwili. Ngano ikivunwa mbichi ikaingia ghalani inapata joto, inachacha, inaoza, kwa hiyo mtu lazima ajue imekauka. Aliyejua ni mimi, kwa meno. Unang'ata punje: ikipasuka kwa mlio, vuna, na ikilala kwenye jino, rudi nyumbani. Namba zote ambazo Nicodemo alikuwa anaziandika kwenye fomu za makao makuu zilitoka kinywani mwangu.

Basi madereva wakamwita yeye. Akachukua punje mbele ya watu, akang'ata, akatikisa kichwa kama mganga, akasema imekauka. Kombaini zikaingia kipande cha saba, kule chini umande unakokaa mpaka saa nne. Jioni Basili akaniuliza, "Kweli imekauka ile?" Nikamwambia amuulize mwenye shahada.

Nisijifanye malaika. Lori lilipopita, punje zilianguka njiani, nikaokota moja nikang'ata. Ililala. Nilijua kabisa. Nikaenda kuchemsha chai.

Siku ya sita ghala likaanza kunuka pombe. Meneja mkuu, mtu mzito ambaye tangu niajiriwe hajawahi kukanyaga maabara, akaja mwenyewe na Nicodemo nyuma yake, uso umempauka.

"Mama, inasemekana wewe unajua la kufanya."

"Mimi ni mhudumu, mheshimiwa. Nina barua ninayoomba tangu Juni."

Akamgeukia Nicodemo. "Mwandikie mama barua yake. Nitaitia sahihi leo hii."

Nikaweka ufagio chini, nikaingia ghalani. Nilizamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, na katikati kulikuwa na joto kama tumbo la ng'ombe. Hapo hasira ikanihama kidogo, maana ngano ile haikunikosea kitu, na watu walikuwa wanaingoja. Nikawakusanya wanaume ishirini na wawili, Basili akiwa mmoja wao, tukaimwaga ngano yote nje juu ya maturubai, nyembamba, unene wa kidole, wakaigeuza kwa sepetu siku tatu. Hakuna gunia lililorudi ndani kabla sijang'ata. Taya ziliniuma nikalala bila kula. Tukaokoa karibu yote, iliyobaki ikawa ya mifugo.

Tarehe ishirini na tatu Nicodemo akanikabidhi bahasha kwa mikono miwili, kwa heshima zake zile zile. Meneja alikuwa ameshasafiri Arusha. Nikafungua.

"Mwombaji ni mhudumu. Majukumu yake ni kufagia maabara, kuosha vyombo na kuchemsha chai. Ameyatekeleza kwa uaminifu, hasa miezi miwili iliyopita. Tunamruhusu kwenda masomoni." Chini yake sahihi ya meneja na muhuri mkubwa wa shamba.

"Nimeandika kilicho kwenye faili, mama," akasema. "Wewe mwenyewe ulisisitiza."

Nimezaa watoto wanne na sijawahi kumpiga mtu kofi ukubwani, lakini siku hiyo mkono ulinyanyuka. Niliurudisha kwa nguvu za Mungu. Kilichonichoma zaidi ni kwamba hakukuwa na uongo hata neno moja. Nani chuo kikuu atamhamisha mchemsha chai kwenda mwaka wa pili?

Meneja angerudi Septemba. Nikaenda ghalani wanaume wakishona magunia, nikaipindua ile barua kwenye meza ya mizani, nikaandika nyuma yake kwa mkono wangu: kupima mvua miaka kumi na miwili, kupima udongo, kukagua kutu, kumfundisha mkuu wa maabara, kuokoa ngano ya kipande cha saba. Kisha nikawasomea kwa sauti, nikawaambia mwenye kujua kuwa ni uongo aseme.

Basili akaja wa kwanza, akaandika jina lake polepole kama mtoto wa darasa la pili, wala hakutaja hasara. Wasiojua kuandika waliweka dole gumba kwa wino wa muhuri. Wa mwisho kati ya wale ishirini na wawili alikuwa Gidabuday, mlinzi, ambaye baba yake alikuwa akichunga hapo hapo kipande cha saba kabla serikali haijaleta matrekta.

"Mimi ningeiacha ioze," akasema. Halafu akaweka dole lake.

Kesho yake nikaituma, na jibu likaja mwishoni mwa Septemba. Wameikubali miaka yangu miwili, nianzie mwaka wa pili, na wameandika kwamba uzoefu wangu umethibitishwa na wafanyakazi wenzangu ishirini na wawili. Habari za ule upande wa mbele hawakuzigusa.

Asubuhi ya kuondoka nilikuwa nimekaa juu ya sanduku langu, lile lile nililoendea chuo mwaka sabini na moja, nikingoja lori la shamba linipeleke stendi. Nicodemo akaja mbio, ameshika konzi ya ngano.

"Shikamoo, mama Felician."

"Marahaba."

"Kile kipimo hakitengenezeki, mama. Kabla hujaenda, nifundishe kung'ata."

Nikamtazama. Kiatu chake cheupe kilikuwa na tope.

"Bila shahada haiwezekani," nikamwambia. "Subiri nikaichukue."