Nyumba ya Mbaha na Dalali Wake

Mzee Ildefonsi alipokwenda kumposa mkewe Hilda alibeba mshenga, wajomba wawili na jogoo. Alipokwenda kununua nyumba alibeba kofia tu. Hilda alimsihi amchukue kaka yake, aliyewahi kuuziwa kiwanja cha watu akashika adabu, lakini mzee alicheka. "Wa nini? Hamphrey yupo."

Hamphrey alikuwa dalali wa muuzaji, Wilfred wa Songea. Ila alimwita Ildefonsi baba, na mtu akikuita baba huku akikununulia samaki mbasa wa kukaanga, akili hukaa pembeni ikisubiri ushibe. Mzee alimwaga yote: baridi ya kwao Litembo inamla magoti, shamba la kahawa ameshaliuza, na nyumba hii ya Mbaha inayotazama ziwa asipoipata atakufa. Hamphrey akatikisa kichwa kwa huruma, akatoka nje kumpigia Wilfred simu, eti kumbembeleza apunguze bei. Aliporudi bei ilikuwa imepanda. Mzee akamshukuru.

Siku ya kuikagua nyumba, chumba cha uani kilikuwa na kufuli. "Stoo hiyo, baba." Siku ya mkataba Hamphrey alisaini kama shahidi wa muuzaji, akavuta pumzi, akasaini kama shahidi wa mnunuzi. Mchapakazi kwelikweli.

Wiki iliyofuata Ildefonsi alifika na godoro lake, akakuta stoo inafuka moshi. Ndani bibi kizee alikuwa akipuliza moto.

"Shikamoo, mama," alisema. Hata ukiibiwa, salamu hutoi?

"Marahaba. Wewe ndiye mpangaji? Karibu. Mimi mama yake Wilfred."

"Mpangaji? Mama, nyumba hii nimeinunua!"

Akampigia Hamphrey, akafoka mpaka mate yakamruka.

"Baba," Hamphrey alijibu taratibu, "uliuliza vyumba viko vingapi. Hukuuliza vina nani. Na mimi ananilipa Wilfred." Akakata simu.

Bibi alikuwa ameacha kupuliza.

"Wilfred kauza nyumba ya marehemu baba yake?" Akakaa chini. "Hamphrey aliniambia ananitafutia mpangaji wa vyumba vya mbele, nipate hela ya dawa. Mimi nikamweleza kila kitu, hadi siku nitakazolazwa hospitali kwa haya macho. Si ananiita bibi?"

Hasira ya Ildefonsi ikaisha, ikabaki aibu. Alisimama mlangoni pa nyumba aliyoilipia, godoro begani, akashindwa kuliingiza ndani.