Tembo, Bata na Birika

Bi Sindano alishona nguo za watu miaka arobaini, na juu ya kabati lake la sebuleni alipanga mapambo kama anavyopanga mshono. Kushoto tembo wa udongo, kisha bata wa kioo, katikati picha ya marehemu mumewe ili asijione ametengwa, na kulia birika la shaba lisilowahi kuonja maji.

Siku ya Jumanne alirudi kutoka sokoni akakuta tembo na bata wamebadilishana nafasi. Mlango aliufunga mwenyewe. Mwizi gani anaingia, anapanga vitu, anakwenda zake? Marehemu naye, enzi za uhai wake, hakuwahi kunyanyua hata kikombe chake. Likabaki la tatu, nalo ndilo lililomkausha mate. Dada yake mkubwa alianza hivihivi: leo viatu ndani ya friji, kesho anawauliza wanawe wao ni wa nani. Na mwanawe wa pekee alikwisha kumwambia kwamba siku atakapoanza kusahausahau, nyumba inafungwa, anahamia kwake ghorofa ya nne, alale na wajukuu.

Akavirudisha vitu, akafyata mdomo. Mwana alipopiga simu kuuliza habari, akamwambia hakuna jipya, labda goti.

Alhamisi akatoka zahanati, akakuta birika limegeuziwa mdomo ukutani. Akachukua chaki yake ya kushonea, akazungushia kila pambo mstari chini, kama anayechora shingo ya gauni. Jumamosi akamwambia mwana kwenye simu kwamba anakwenda sokoni. Akafunga mlango kwa ndani, akajibana nyuma ya pazia, viatu mkononi. Asipokuja mtu, basi ni yeye mwenyewe anayevihamisha na kusahau. Hajawahi kumwombea mwizi afike salama, lakini siku hiyo alimwombea.

Ufunguo ukazunguka kitasani. Bi Sindano akauma ncha ya pazia.

Akaingia mwanawe, ananyata. Akamtoa tembo kushoto, akamweka kulia kabisa. Akamtazama, akajifuta macho kwa mkono wa shati.

"Tembo anakaa kushoto," pazia likasema.

Nusura mwana aanguke. Alipopata pumzi akaeleza: mwenzake kazini ndiye aliyemfundisha kupima kumbukumbu za mzazi namna hiyo. Mara mbili amevihamisha vitu, mara mbili mama kimya. Gari la kuhamisha mizigo alikwisha kulitafuta.

"Mbona hukusema, mama?"

"Ningesema ili unibebe?"

"Mimi nikadhani huoni."

Kisha Bi Sindano akaviweka vitu vyote mezani, akafuta chaki kwa upindo wa gauni, akamwamuru avirudishe. Mwana akaanza na bata. Picha ya baba yake akaisukumia pembeni, nyuma ya birika.



"Umekulia sebule hii miaka ishirini," mama akasema. "Sasa hapa nani amhamishe nani?"

Akakinga kiganja. Mwana akautoa ufunguo wake wa akiba, na mama akautumbukiza ndani ya birika. Mwana alipoondoka, Bi Sindano akakaa. Ndani ya birika, akajisemea. Ndani ya birika. Akarudia mara ya tatu, akiwa amelikodolea macho.