Pua ya Mzee Anselme

Mzee Anselme alizamisha pua yote ndani ya bilauri, akafumba macho, na watalii wakanyamaza kama waumini. Ndivyo desturi ilivyokuwa katika ghala lile la kale, lililochimbwa chini ya kijiji cha Valcreuse: mwenye ghala huonja kwanza, akaisifu divai ya pipa lake, ndipo wageni wanywe. Wasichokijua wageni ni kwamba pua ile sasa ilikuwa pambo tu. Homa ya majira ya baridi ya mwaka juzi ilimwachia ulimi wa kutambua uchachu na utamu, lakini uwezo wa kunusa iliondoka nao, usirudi.

Siri hiyo aliijua bintiye peke yake. Solène ndiye aliyechota divai, na kila alipompa bilauri alimnong'oneza, "Pilipili na zabibu kavu, Baba." Mzee akayarudia maneno kwa ngurumo, makofi yakapigwa. Solène hakudai shukrani. Alilitaka ghala, ambalo alilihangaikia tangu usichana wake huku kaka yake Thibault akiuza magari mjini.

Siku hiyo Thibault alikuwepo, viatu vikimetameta. Mzee alimshika bega mbele ya watu.

"Mnamwona huyu? Mavuno yajayo, ghala hili ni lake."

"Na binti yako je?" aliuliza mama mmoja mtalii.

"Solène?" Mzee aliangua kicheko. "Mama wee, mwanamke akitawala mapipa, divai yote huharibika! Wazee wetu waliliapia hilo. Huyu kuosha bilauri kunamtosha."

"Usinune, dada," Thibault alidakia. "Kazi kwangu hutaikosa."

Kifua cha Solène kiliwaka moto. Alimbeba baba yake kama yai, kumbe alikuwa akitwanga maji kwenye kinu. Alichukua mrija wa kuchotea, akaenda hadi pipa la mwisho, lililoingia ukungu na lililokuwa likingoja kumwagwa. Akajaza bilauri ya baba, kisha za wageni. Safari hii hakunong'ona kitu.

Anselme alisubiri. Alipoona midomo ya bintiye imefumbwa, akanusa, akanywa.

"Waridi," alibabaisha. "Waridi na asali. Sijapata kuwa na pipa bora kuliko hili!"

Wageni wakanywa. Mmoja akatema sakafuni. Yule mama akaziba pua. "Inanuka tambara bovu!"

"Baba, hii imeoza," Thibault alisema, uso umempauka. "Kweli husikii harufu?"

Mzee alimgeukia Solène, macho yakimwomba. Angesema tu kwamba amekosea pipa, heshima ya mzee ingesalimika. Solène alilijua hilo, na alifurahi kulijua.

"Baba ameshasema ni waridi," alijibu. "Mimi ni nani nimpinge?"

Kiburi hakikumruhusu mzee kuiweka bilauri chini. Akainywa yote, polepole, watu wakimtazama.

Solène aliinua mrija.

"Nikuongezee, Baba?"