Wa Tatu Kutoka Kushoto

Mzee Mzwabantu Ncapayi alikuwa akija kila asubuhi kusoma gazeti katika maktaba yetu ya Mlungisi, kitongoji cha Queenstown, Afrika Kusini, na kwa miaka minne sikujua lolote juu yake zaidi ya kikohozi chake. Siku moja nilimwonyesha kitabu kipya cha wanamuziki wa jazi wa Queenstown. Akakifungua penye picha ya bendi, akasogeza miwani, akasoma maelezo ya chini kwa sauti: "Wa tatu kutoka kushoto, mpiga saksafoni, hajulikani."

Akaigonga picha kwa kidole.

"Thobeka mwanangu, huyu asiyejulikana anakaa nyuma ya kanisa la Wamethodisti. Hata mbwa wa mtaani wanamjua."

Nilicheka, halafu nikaona mzee hacheki; ni yeye mwenyewe pichani.

Tukapatana aje kila Alhamisi mchana niandike maisha yake. Alinisimulia alivyojifunza klarineti katika shule ya misheni, alivyobeba mataruma ya reli wiki nzima ili Jumamosi apige ukumbini, polisi wakingoja mlangoni kukagua pasi, kile kibali cha Mwafrika kuwa mjini. Nikijisahau nikaacha kalamu, ananigutusha: "Unaandika, au unakula hadithi tu?"

Alhamisi ya sita tulifika mwaka 1961. Bendi ilialikwa London, na pasipoti yake ikatoka. Wiki ileile ya safari mkewe akajifungua mtoto njiti, wa kike, anayepumua kwa shida. Mzee akairudisha pasipoti.

"Wenzangu niliwaambia serikali imeninyima," alisema. "Nyumbani nako nikasema hivyohivyo, mke wangu asije akajilaumu. Wao wakaenda, hawakurudi. Na mimi sikupiga tena mbele za watu."

"Binti yako anajua, Tata?" nilimuuliza, nikimwita baba kwa Kixhosa.

"Nokwakha? Anachojua ni kwamba baba yake alikuwa mkali." Akainuka kwa kujikongoja. "Kuna wimbo nilimtungia. Haujarekodiwa popote. Wiki ijayo leta karatasi ya noti za muziki."

Karatasi niliitafuta nikaipata. Lakini Alhamisi hiyo walitujia wakaguzi kutoka mkoani, na mzee akanikuta mlangoni, yeye na suti yake ya kahawia.

"Nisamehe, Tata. Njoo wiki ijayo."

"Wiki ijayo," akasema polepole. Akavaa kofia, akaenda zake.

Jumapili alipooza upande mmoja na ulimi ukafa. Nilimtembelea hospitalini mara tatu. Mara ya mwisho alinishika kidole, akawa anakigongesha kwenye shuka, mapigo manne, kisha matatu, tena na tena, huku ananitazama. Sikuelewa. Alifariki mwezi Agosti.

Karatasi ya mazishi ilisema: mfanyakazi wa reli kwa miaka thelathini na mmoja, muumini mwaminifu. Basi. Nilipopewa nafasi ya kusema nilisimama na daftari langu, nikasoma habari za misheni, ukumbi na bendi. Watu waliomzika jirani wa miaka mingi wakawa wanatazamana. Nilipofika 1961 nikafunga daftari. Siri ile haikuwa yangu kuitangaza.

Baadaye, watu wakinawa mikono getini kabla ya chakula, nilimpa Nokwakha ukurasa ule wa 1961. Aliusoma wima, mikono bado mibichi.

"Nilidhani ananichukia," alisema. "Kila nikitimiza mwaka alikuwa anatoka asubuhi, harudi mpaka jua lizame. Pasaka hii nilimwambia hakuwahi kunifanyia kitu maishani. Alikunja kitambaa cha meza tu."

Nikamuuliza kuhusu wimbo.

"Alikuwa akipiga mluzi akinyoa ndevu. Mama alipofariki akaacha."

Akakaza midomo, akaupiga. Ulikwenda vizuri, mapigo manne kisha matatu, yaleyale ya shukani, ukapanda, ukakatika. Akarudia, ukakatika palepale.

"Hapa alikuwa anafika kidevuni," akasema, "ananyamaza asijikate."

Mwalimu wa muziki alituandikia noti zile. Hazikujaza hata mistari miwili. Siku hizi Nokwakha huja Alhamisi, tunaandika barua kutafuta wale sita wengine wa bendi na jamaa zao, tupate kumbukumbu zilizobaki. Watatu tumepata makaburi yao. Wa nne mjane wake alitujibu kwamba vitu vyote vya mumewe alivichoma alipohama nyumba, kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kuja kuviulizia.